Kisa cha City Water: ubia wa maji wa Dar es Salaam uliodumu miezi 22

Tarehe 1 Juni 2005 maofisa wa Serikali ya Tanzania waliingia katika ofisi za City Water Services Limited, kampuni iliyokuwa ikiendesha huduma ya majisafi na majitaka jijini Dar es Salaam, wakachukua usimamizi wake, na viongozi wake wa juu waliokuwa raia wa kigeni wakaondolewa nchini. Mkataba wa kampuni hiyo ulikuwa wa miaka 10. Ulikuwa umetimiza miezi 22 tu.

Kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kwa namna mbili. Wapinzani wa ubinafsishaji hukitumia kuonyesha kwamba maji si kitu cha kukabidhiwa kampuni inayotafuta faida. Wawekezaji nao hukitaja kila wanapotaka kueleza hatari ya kuweka mtaji katika nchi ambayo waziri anaweza kutangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba mkataba umekwisha. Mabaraza mawili ya usuluhishi ya kimataifa yalisikiliza mgogoro huo, na kila upande uliondoka na karatasi ya kuonyesha. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini ubia ulivunjika, kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, afadhali afuate njia iliyopitiwa na fedha zenyewe, kuanzia mikopo iliyoletwa kwa ajili ya mabomba hadi ankara iliyolipwa na mkazi wa Sinza au Temeke. Akiifuata njia hiyo ataona kwamba mbia binafsi alikabidhiwa kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, yaani kukusanya mapato, huku akiwa ameweka mtaji mdogo sana wa kupoteza, na kwamba karibu mzigo wote wa fedha ulibaki kwa umma hata kabla mtu yeyote hajakosea.

Jiji na mabomba yake

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ilitoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, ulikuwa na uwezo wa mita za ujazo 82,000 kwa siku, na maji yake yalifuata Barabara ya Morogoro kupitia Mlandizi na Kibaha hadi kwenye matangi ya Kimara. Mtambo wa Ruvu Chini, wa mwaka 1976, ulikuwa na uwezo wa mita za ujazo 182,000, na ulileta maji kutoka upande wa Bagamoyo hadi kwenye matangi yaliyo karibu na Chuo Kikuu. Mtambo mdogo wa Mtoni, unaotumia Mto Kizinga, uliongeza takriban 9,000.

Kwa hesabu ya karatasini, maji hayo yangetosha kumpa kila mkazi zaidi ya lita 100 kwa siku. Mtaani haikuwa hivyo hata kidogo. Zaidi ya nusu ya maji yaliyotoka mitamboni ama yalivuja, ama yalichukuliwa na waliojiunganishia kinyemela, ama yalimfikia mteja asiyekuwa na mita, ambaye alikadiriwa tu kila mwezi na ambaye mara nyingi hakulipa hata hicho alichokadiriwa. Bomba kuu la Ruvu Juu liliunganishwa njia nzima na watu waliokuwa wakiishi kandokando yake, hivyo shinikizo la maji lilikuwa limeshapungua kabla hayajafika Kimara. Wenye uwezo walichimba visima, wakafunga simtank na kuagiza maboza. Wa Manzese, Tandale na Mbagala walinunua kwa dumu kutoka kwa wauza maji wa mikokoteni, kwa bei ambayo kwa kila lita ilizidi mara nyingi ile aliyotozwa mteja mwenye bomba uani kwake. Ni muhimu kulishika jambo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba fedha za maji zilikuwapo jijini. Hazikuwa zikiingia katika mfuko wa mamlaka ya maji.

Mamlaka yenyewe, DAWASA, ilipangwa upya kwa sheria ya mwaka 2001 ili ibaki kuwa mmiliki wa mitambo na mabomba, mpangaji wa uwekezaji na mkopaji, huku uendeshaji wa kila siku ukienda kwa kampuni binafsi. Mgawanyo huo haukubuniwa Dar es Salaam. Ni mfumo wa ukodishaji uliozoeleka Ufaransa na ulioigwa katika miji kadhaa ya Afrika Magharibi, na Dakar ndiyo iliyokuwa ikitolewa mfano kila mara katika mazungumzo ya miaka ile.

Nani alileta fedha

Mwaka 2003 mradi mkubwa wa ukarabati na upanuzi wa majisafi na majitaka ya jiji ulipangwa kugharimu dola za Marekani milioni 164.6. Benki ya Dunia ilikopesha dola milioni 61.5, Benki ya Maendeleo ya Afrika milioni 48, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya milioni 34. Serikali na DAWASA zilipangiwa kuchangia milioni 12.6. Mwendeshaji binafsi alipangiwa milioni 8.5.

Asome tena mwenye kutaka kuelewa kisa hiki. Katika kila dola 100 za mradi, mbia binafsi alitakiwa kuleta zipatazo 5, na 87 zilikuwa mikopo kutoka kwa mabenki ya maendeleo, ambayo mdaiwa wake ni Jamhuri ya Muungano. Sharti mojawapo la mikopo hiyo lilikuwa kumpata mwendeshaji binafsi. Kwa hiyo usemi uliosikika sana wakati ule, kwamba nchi maskini inahitaji wawekezaji kwa sababu haina fedha za kujenga mabomba, haukulingana na mpango wenyewe, kwani fedha za mabomba zilikopwa na umma na zilitolewa kwa sharti kwamba mtu binafsi aje kuziendesha. Kilichotarajiwa kutoka kwa mbia kilikuwa ustadi wa kuvuna mapato na kupunguza upotevu. Mtaji wake ulikuwa wa kuanzia kazi tu.

Hapa inafaa kulinganisha na barabara ya haraka ya Nairobi ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022. Mwanakandarasi wa Kichina alileta fedha za ujenzi na kupewa miaka 27 ya kukusanya ada ili azirudishe. Mtu anaweza kulalamikia kiwango cha ada hizo, na Wakenya wengi wanalalamika, lakini angalau mwekezaji akishindwa kuvuta magari hasara ya kwanza ni yake. Dar es Salaam ya 2003 ilikuwa na ubia wa aina nyingine kabisa, ingawa mikataba yote miwili huitwa kwa jina lilelile.

Zabuni iliyokosa mshindani

Kampuni kubwa za Ufaransa zilizokuwa zimeonyesha nia hatimaye hazikuwasilisha zabuni. Iliyobaki mezani ilikuwa moja, ya Biwater ya Uingereza na HP Gauff Ingenieure ya Ujerumani, ambazo ziliunda kampuni iitwayo Biwater Gauff (Tanzania), Biwater ikiwa na asilimia 80 ya hisa na Gauff asilimia 20. Kampuni hiyo ilishirikiana na Superdoll ya Dar es Salaam, wauzaji na watengenezaji wa matrela wanaojulikana sana mjini, na kwa pamoja wakaanzisha City Water, Biwater Gauff ikishika asilimia 51 na Superdoll asilimia 49. Mikataba ilitiwa saini tarehe 19 Februari 2003, na kazi ikaanza tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Mbali na mkataba mkuu wa ukodishaji, City Water ilipewa pia mikataba ya kununua na kufunga vifaa ndani ya mradi, kazi iliyolipwa kwa fedha zilezile za mikopo.

Zabuni ya aina hii hupimwa kwa kipengele kimoja zaidi ya vingine, nacho ni kiasi ambacho mwendeshaji atajibakizia kwa kila mita ya ujazo anayouza. Mzabuni anayetaja kiasi kidogo huonekana nafuu. Ila kiasi hicho hakina maana bila makisio ya mauzo na makusanyo, na makisio hayo yalitegemea kumbukumbu za wateja za DAWASA, ambazo kila aliyewahi kupanga foleni kulalamikia ankara yake alijua hali yake. Baraza la usuluhishi lililochunguza suala hili baadaye lilifikia maoni kwamba zabuni yenyewe ilikuwa imeandaliwa vibaya na kwamba matatizo ya City Water yalianzia hapo. Palipo na wazabuni watatu au wanne, kosa la mmoja huonekana kwa kulinganishwa na wenzake. Palipo na mmoja, kamati ya tathmini haina cha kulinganisha, na ushindi wa bei ndogo huwa ni ushindi dhidi ya kiti kitupu.

Safari ya shilingi ya ankara

Sasa tuichukue ankara yenyewe. Mteja alipokwenda dirishani kulipa, kiasi alichotoa kilikuwa na sehemu tatu ndani yake. Ya kwanza ilikuwa ya mwendeshaji, ya kulipia umeme wa pampu za Ruvu, dawa za kusafisha maji, mishahara, matengenezo ya kawaida na faida ikipatikana. Ya pili ilikuwa ya mmiliki, DAWASA, ya kugharimia wajibu wake wa uwekezaji. Ya tatu ilikuwa ya mfuko maalumu wa kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza wateja wa majumbani, mfuko ambao uliwekwa hasa kwa ajili ya kaya ambazo zisingemudu gharama ya kuunganishwa. City Water ilikusanya zote tatu, ikajibakizia ya kwanza na kupaswa kukabidhi mbili zilizobaki.

Mpango huo unafanya kazi vizuri makusanyo yanapofikia makisio. Yanapopungua, swali linalojitokeza ni nani apunguziwe kwanza, na hapo ndipo mkataba unapojulikana ulivyo. Gharama za mwendeshaji hazingoji. Umeme usipolipwa pampu zinazimwa, dawa isiponunuliwa maji hayafai, wafanyakazi wasipolipwa wanagoma. Sehemu ya mmiliki na ile ya mfuko hazina mtu anayegonga mlango siku hiyohiyo. Familia ya Mbagala ambayo ingeunganishwa mwaka ujao haijui hata kwamba ipo kwenye bajeti ya mtu. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na kisu kilikuwa mkononi mwa aliyepokea fedha kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa. Makusanyo yalibaki chini ya yale yaliyotabiriwa katika zabuni. Mfumo mpya wa kompyuta wa kutolea ankara ulileta matatizo yake, orodha ya wateja ilikuwa na mapengo, na kampuni iliyokuwa imetangazwa kuwa na ujuzi wa kimataifa wa kukusanya mapato ikajikuta ikipambana na kazi ileile iliyokuwa imewashinda waliotangulia. Kuanzia Julai 2004 City Water iliacha kuilipa DAWASA sehemu yake kama ilivyopaswa. Kwa maoni yangu huo ndio mwezi ambao ubia ulikufa, ingawa mazishi yalifanyika karibu mwaka mmoja baadaye. Ubia ambao mbia binafsi ameleta dola 5 kati ya 100, kisha akaacha kupitisha kwa umma fedha alizokusanya kwa niaba ya umma, haubaki na faida yoyote kwa umma zaidi ya matumaini.

City Water ilikuwa na maelezo yake, na si yote ya kupuuzwa. Ilidai kwamba taarifa ilizopewa wakati wa zabuni hazikuwa sahihi, kwamba DAWASA nayo haikutimiza baadhi ya wajibu wake, na kwamba viwango vya ada vilipaswa kuangaliwa upya. Mkataba uliruhusu mapitio ya ada, na hapa pana upungufu wa upande wa Serikali ambao haukupewa uzito unaostahili. Sheria ya kuanzisha EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ilipitishwa mwaka 2001, lakini mamlaka hiyo haikuanza kazi hadi mwaka 2006. Kwa kipindi chote cha maisha ya City Water hapakuwa na mdhibiti huru aliye kazini wa kusema ada ipande, ibaki au ishuke. Mkaguzi wa nje aliitwa kupitia hesabu, wapatanishi wakakaa na pande zote, mazungumzo ya kurekebisha mkataba yakaendelea hadi mwanzoni mwa 2005, yote bila mafanikio. Serikali haikuwa tayari kupandisha ada ili kuziba pengo lililotokana na zabuni ambayo mzabuni mwenyewe ndiye aliyeiandika, na katika hilo nadhani ilikuwa sahihi. Kama kila mwenye bei ndogo angeruhusiwa kushinda kwa bei hiyo kisha akaongezewa baada ya mwaka mmoja, zabuni isingekuwa na maana yoyote.

Mei 2005

Hadi hapo DAWASA ilikuwa na kesi nzuri. Mkataba wa ukodishaji ulieleza hatua za kuufikisha mwisho pale mwendeshaji anaposhindwa kutimiza wajibu wake: notisi, muda wa kurekebisha kasoro, kisha makabidhiano. Hatua hizo zilikuwa zimeanza kufuatwa, na zilikuwa zimebaki wiki chache tu zikamilike.

Tarehe 13 Mei 2005 Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, alitangaza hadharani kwamba mkataba wa City Water umevunjwa, kwa hoja kwamba huduma ilikuwa imezorota tangu kampuni hiyo ishike kazi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, na kero ya maji ya Dar es Salaam ilikuwa mada ambayo mwanasiasa yeyote angeipenda jukwaani. Kabla mwaka haujaisha Lowassa alikuwa Waziri Mkuu katika serikali mpya ya Rais Jakaya Kikwete. Suala hilo lilifikishwa pia kwenye mkutano wa hadhara. Siku chache baadaye msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani uliokuwa umetolewa kwa kampuni ukaondolewa, na tarehe 1 Juni yakafuata yale niliyoyataja mwanzoni. Kampuni mpya ya umma, DAWASCO, ikachukua mitambo na wafanyakazi.

Wananchi wengi walishangilia, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini kisheria Serikali ilikuwa imeliacha jambo lililokuwa likielekea mwisho wake kwa njia ya mkataba, ikalimaliza kwa njia ya dola. Tofauti ya wiki hizo chache ilizaa kesi ya miaka mitatu.

Hukumu mbili

Kesi ya kwanza ilikuwa kati ya City Water na DAWASA, chini ya kanuni za usuluhishi za Umoja wa Mataifa, na ilihusu mkataba wenyewe: nani aliuvunja? Mwishoni mwa mwaka 2007 baraza liliipa ushindi DAWASA na kuiamuru City Water ilipe fidia ya takriban pauni milioni 3, pamoja na pauni nusu milioni za gharama za kesi. Upande wa mkataba, basi, jibu lilikuwa bayana.

Kesi ya pili ilifunguliwa na Biwater Gauff dhidi ya Jamhuri ya Muungano mbele ya ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, kwa msingi wa mkataba wa kulinda wawekezaji uliotiwa saini kati ya Uingereza na Tanzania mwaka 1994. Baraza liliongozwa na Bernard Hanotiau, pamoja na Gary Born na Toby Landau. Mashirika ya kiraia ya Tanzania, yakiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Mtandao wa Jinsia Tanzania na chama cha wanasheria wa mazingira LEAT, yaliomba kusikilizwa pamoja na mashirika ya nje, na mwaka 2007 yakaruhusiwa kuwasilisha maoni ya maandishi, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni katika usuluhishi wa aina hiyo. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba mwekezaji anayeshika huduma inayogusa uhai wa watu ana wajibu wake pia, ikiwa ni pamoja na kufanya utafiti wa kutosha kabla ya kutaja bei.

Hukumu ilitoka tarehe 24 Julai 2008. Baraza lilikuta kwamba tangazo la waziri na mkutano wa hadhara, kuondolewa kwa msamaha wa kodi, kutwaliwa kwa kampuni na kuondolewa kwa viongozi wake vilikiuka mkataba wa 1994, kwa kunyang'anya uwekezaji na kwa kutomtendea mwekezaji kwa haki. Kisha likakataa kumpa mwekezaji huyo fidia yoyote. Kufikia tarehe 1 Juni 2005, liliona, kampuni haikuwa na thamani yoyote ya kiuchumi, na mkataba ungefikia mwisho wiki chache baadaye kwa sababu ya kushindwa kwake yenyewe. Kwa hiyo vitendo vya Serikali, ingawa viovu kisheria, havikusababisha hasara iliyodaiwa. Born alikubali matokeo lakini si njia ya kuyafikia: kwake, madhara yalikuwapo na yalisababishwa na Serikali, ila thamani yake kwa fedha ilikuwa sifuri. Kila upande ulibeba gharama zake.

Katika vyombo vya habari vya nyumbani hukumu hiyo ilipokewa kama ushindi mtupu. Mimi naiona kama bahati zaidi. Tanzania iliokolewa na udhaifu wa kampuni iliyoshtaki. Laiti City Water ingekuwa na biashara yenye faida hata ndogo, au laiti mkataba wake usingekuwa ukingoni, maofisa walewale kwa vitendo vilevile wangeiingiza Hazina katika deni, na hoja ya kwamba huduma ilikuwa mbovu isingetosha kulifuta.

Baada ya City Water

DAWASCO haikuleta muujiza. Mgao wa maji uliendelea kwa miaka, na wauza maji wa mikokoteni hawakukosa kazi. Kilichobadilisha hali kwa kiasi kikubwa ni kupanuliwa kwa mitambo: Ruvu Chini ulifikishwa mita za ujazo 270,000 kwa siku kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, na Ruvu Juu ukafikishwa 196,000 kwa mkopo wa India, huku Serikali ikigharimia mabomba. Fedha zote hizo zilikuwa za umma, za Tanzania au za nchi nyingine, hakuna hata shilingi ya mwekezaji. Mwaka 2018 DAWASCO iliunganishwa na DAWASA, na ule mgawanyo wa mmiliki na mwendeshaji uliosababisha kuandikwa kwa mkataba wote ukafutika. Leo mteja hupokea namba ya kumbukumbu ya malipo kwenye simu yake na fedha huingia moja kwa moja katika mfumo wa malipo ya Serikali. Ni jambo dogo la kiufundi, lakini ningependa kujua kisa hiki kingeishaje kama mwaka 2003 shilingi ya ankara ingekuwa inagawanywa katika akaunti ya amana kabla mwendeshaji hajaigusa.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi, inayotaka upembuzi yakinifu kabla ya zabuni, ukaguzi wa Wizara ya Fedha kuhusu mzigo utakaobebwa na Serikali, na mgawanyo wa hatari ulioandikwa wazi. Marekebisho ya 2018 yaliongeza sharti kwamba migogoro ya mikataba hiyo isuluhishwe na vyombo vya Tanzania kwa sheria za Tanzania, na yale ya 2023 yakalegeza sharti hilo baada ya wawekezaji na mabenki yao kulikataa. Mjadala wa pande zote mbili ulikuwa mkali, na City Water ilitajwatajwa ndani yake.

Nadhani ilitajwa isivyo. Kesi iliyokuwa chini ya mkataba wa ukodishaji, ambayo ndiyo aina inayoguswa na sharti la 2018, Tanzania iliishinda mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Kesi iliyoikuta nchi na hatia haikutokana na mkataba wa City Water hata kidogo, wala Biwater Gauff haikuwa sehemu ya mkataba huo; ilitokana na makubaliano ya nchi na nchi yaliyotiwa saini miaka tisa kabla ya mkataba wa maji, ambayo kifungu chochote cha mkataba wa maji kisingeweza kuyazuia. Wanasheria wa Serikali wanaoandaa leo mikataba ya miradi kama barabara ya haraka ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro wanaweza kuandika mahali pa usuluhishi wanapopataka, lakini kabla ya kufika huko wanapaswa kuuliza kampuni inayoomba kazi imesajiliwa nchi gani, nchi hiyo ina makubaliano gani na Tanzania, na, kwenye jedwali la fedha, ni dola ngapi kati ya kila 100 zitakuwa zake mwenyewe.